Mrembo kwenye pua ya ndege ya mabomu: nani alimchora, na jeshi lilikubalije

Jeshi humpangia askari urefu wa nywele zake, namna ya kutandika kitanda na jinsi ya kuvaa kofia. Jeshi hilohilo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lilimwacha fundi mwenye burashi apande ngazi na kuchora mwanamke mwenye nguo ya kuogelea kwenye pua ya ndege ya mabomu ya B-17, mali ya serikali ya Marekani iliyogharimu zaidi ya dola 200,000. Fundi huyo hakufikishwa mbele ya kamanda wala hakukatwa mshahara. Mara nyingi wenye ndege ndio waliomlipa: pesa kidogo, au chupa ya wiski.

Watu wengi huitazama michoro hii kama utundu wa vijana walio mbali na nyumbani. Utundu ulikuwepo, ila hauelezi kwa nini desturi hiyo ilistawi katika ndege za mabomu kuliko pengine popote, kwa nini Wamarekani waliizidisha huku Waingereza wakijizuia, wala kwa nini jina moja lililoandikwa kwenye pua bado linagombanisha watu miaka mingi baada ya vita. Mambo hayo yameshikana, na inabidi tuyafungue moja baada ya jingine.

Tuanze na asili yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia rubani Mwitaliano Francesco Baracca, aliyetokea jeshi la wapanda farasi, aliweka ubavuni mwa ndege yake farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Baracca aliuawa Juni 1918. Mwaka 1923 mama yake alimshauri kijana mmoja wa mashindano ya magari, Enzo Ferrari, aichukue alama ile, na ndiyo tunayoiona kwenye magari ya Ferrari hadi leo. Kikosi cha 94 cha Marekani nacho kilikuwa na kofia iliyopenya kwenye duara.

Kisha ukaja mdomo wa papa. Wajerumani waliuchora kwenye ndege zao za Bf 110. Waingereza wa kikosi cha 112 wakauiga huko Afrika Kaskazini mwaka 1941, picha za ndege zao zikatoka magazetini, na Wamarekani wa kujitolea waliokuwa chini ya Claire Chennault wakiilinda China wakaziona na kuchora meno yaleyale. Mabaharia wa Lamu waliochora jicho kwenye omo ya mtepe wasingehitaji kuelezwa sababu: chombo unachokikabidhi roho yako unakipa uso.

Lakini hizo zilikuwa ndege za mtu mmoja au wawili, na alama ilimtangaza rubani au kikosi chake. Ndege ya mabomu ilikuwa na maisha mengine kabisa. B-17 ilibeba watu 10, B-24 karibu idadi hiyohiyo, B-29 watu 11. Hawa walikula pamoja, wakalala pamoja, na ndege ikianguka walikufa pamoja. Nazo ndege zilitoka viwandani kwa wingi usiofikirika: B-17 zaidi ya 12,000, B-24 zaidi ya 18,000, zote zikiwa na rangi moja ya kijani iliyofifia na namba mkiani. Ukiwa mmoja wa watu 10 ndani ya chombo kimoja kati ya maelfu, huna njia ya kusema "hii ni yetu" isipokuwa kuipa jina.

Haja hiyo ilizidishwa na hesabu ya vifo. Askari wa Kikosi cha Nane cha Anga cha Marekani, kilichokuwa mashariki mwa Uingereza, waliahidiwa kurudi nyumbani wakimaliza safari 25 za kivita. Idadi hiyo baadaye ilipandishwa hadi 30, kisha 35. Tarehe 14 Oktoba 1943 ndege 291 za B-17 zilitumwa kushambulia viwanda vya beringi vya Schweinfurt, Ujerumani, na 60 hazikurudi. Ni watu wapatao 600 waliokosekana mezani jioni moja. Kufikia mwisho wa vita Kikosi cha Nane peke yake kilikuwa kimepoteza zaidi ya watu 26,000. Mtu aliyepanda ndege asubuhi akijua hesabu hizo alitaka kuingia ndani ya kitu chenye jina, chenye sura aliyoizoea.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Memphis Belle, yaani mrembo wa Memphis. Rubani wake, Robert Morgan, alimpenda msichana wa Memphis, Tennessee, aitwaye Margaret Polk, ambaye walikutana katika mji wa Walla Walla wakati Morgan akiwa mafunzoni. Jina lenyewe alilipata kwenye filamu aliyoitazama na rubani msaidizi wake, iliyokuwa na meli ya mtoni iitwayo hivyo. Picha ilitoka kwingine: ilinakiliwa kutoka kwa msichana aliyechorwa na George Petty katika jarida la Esquire la Aprili 1941. Kwa hiyo mwanamke tunayemwona kwenye pua ile si Margaret. Jina ni la mpenzi, mwili ni wa jarida, na mkono uliowaunganisha ni wa askari wa matengenezo, Tony Starcer, aliyekuwa kwenye kambi ya Bassingbourn na kikosi cha 91. Starcer alimchora pande zote mbili za ndege, na hakurudia tu alichokwisha kufanya: upande wa kushoto nguo ya kuogelea ni ya buluu, upande wa kulia ni nyekundu. Katika kambi hiyo moja alichora pua za ndege zaidi ya 100.

Mara nyingi Starcer husahauliwa, nami naona hilo ni kosa. Anayetajwa ni rubani, lakini rubani alikuwa mpitaji. Watu wa ndege walimaliza zamu zao wakarudi kwao, au walitekwa, au waliuawa; ndege ikipona, ilipewa watu wengine. Waliobaki nayo tangu ifike hadi ipotee ni mafundi wa chini, waliobadilisha injini usiku kwenye baridi ya Uingereza, mikono ikiganda kwenye chuma. Historia ya Memphis Belle yenyewe inalionyesha hilo. Morgan na wenzake walitimiza safari yao ya 25 tarehe 17 Mei 1943. Ndege yao ilitimiza ya kwake ya 25 siku mbili baadaye, ikiwa na watu wengine ndani. Hata sifa ya kuwa ya kwanza kufikisha safari 25 si yake: Hell's Angels ya kikosi cha 303 ilikuwa imeshafika huko tarehe 13 Mei. Memphis Belle ndiyo iliyorudishwa Marekani kuzunguka mijini ikiuza hati za dhamana za vita, mwongozaji William Wyler akaitolea filamu ya hali halisi mwaka 1944, na umaarufu ukafuata kamera.

Kazi ya kuchora ilikuwa ya kubahatisha kwa vifaa. Mchoraji alisimama kwenye ngazi, jukwaa la mafundi au mapipa ya mafuta yaliyopangwa. Alianza na chaki, akipima kwa macho jinsi picha ya ukurasa wa jarida itakavyokaa kwenye bati lililojipinda, lenye ribiti na maungio. Rangi aliokota alipopata: ya kurekebishia ndege, ya alama za mabawa, hata ya nyumba. Umbo la ndege nalo liliamua mengi. Pua ya B-17 ni ya mviringo na nafasi yake ni finyu, hivyo picha zilikuwa ndogo. B-24 ilikuwa na ubavu mpana uliosimama wima kama ukuta, na wachoraji waliutumia wote. Sarkis Bartigian, wa kikosi cha 43 kilichopigana Pasifiki, alichora dubwana la joka kwenye B-24 iliyoitwa The Dragon and His Tail: kichwa na makucha mbele kando ya rubani, mwili ukijinyoosha kuelekea nyuma hadi ndege nzima ikawa joka. Mwaka 1944 viwanda vilipoacha kupaka ndege rangi ya kijani ili kupunguza uzito, picha zikaanza kukaa juu ya alumini inayong'aa, na zikaonekana mbali zaidi.

Sasa hao wanawake. Chanzo chao kikubwa kilikuwa Esquire, kwanza kwa Petty, kisha kwa Alberto Vargas, mzaliwa wa Peru, ambaye wasichana wake walibandikwa kwenye kuta za mabweni ya askari dunia nzima. Hapa serikali ya Marekani ilijikanyaga. Mwishoni mwa 1943 mkuu wa posta, Frank Walker, aliinyang'anya Esquire nafuu ya gharama za posta akisema yaliyomo hayafai, na kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyolipatia jarida ushindi mwaka 1946. Katikati ya kesi hiyo, Agosti 1944, Jeshi la Anga lilitoa kanuni iliyoikubali desturi ya kupamba ndege na kuitaja kuwa njia ya kuinua ari ya askari. Picha ambayo ofisi moja ya serikali iliona haifai kupita posta kwa bei nafuu, ofisi nyingine iliiruhusu ipae juu ya Ulaya.

Ruhusa hiyo haikuwa sawa kila mahali. Makasisi wa jeshi walilalamika, na wanawake kadhaa waliovuliwa na mchoraji mmoja walivishwa na mwingine. Kadiri kambi ilivyokuwa mbali na miji, wageni na waandishi wa habari, ndivyo nguo zilivyopungua. Visiwa vya Pasifiki vinaongoza kwa hilo. Hata huko amri ilifika: mwaka 1945 ndege za B-29 za kikosi kikuu cha 73, kisiwani Saipan, ziliamriwa kufuta picha za watu binafsi na kuweka nembo moja ya mpira wa dunia uliochomwa mkuki, jina likiandikwa ndani yake. Nani aliamua kipi kifutwe? Kwa kawaida kamanda wa karibu, kwa kadiri ya uvumilivu wake.

Kilichowatia wakubwa hofu kweli kilikuwa maandishi. Mwishoni mwa 1943 Wajerumani walimkamata askari wa anga wa Marekani ambaye koti lake la ngozi lilikuwa na maneno Murder Inc. mgongoni, yaani kampuni ya mauaji. Lilikuwa jina la ndege, lililochukuliwa kutoka kwa genge maarufu la New York. Picha yake ilichapishwa katika magazeti ya Ujerumani kama ushahidi kwamba Marekani inatuma majambazi kuua raia, na baada ya hapo makoti yakaanza kukaguliwa. Naliona tukio hilo kuwa la maana, kwa sababu kwa mara ya kwanza jina lilisomwa na watu waliokuwa chini. Kambini maneno yale yalikuwa mzaha wa kikatili wa vijana wanaoogopa. Katika mji uliokuwa ukizika watu wake hayakuwa mzaha.

Chini ya picha kulikuwa na safu za alama ndogo, na ukizijua unaweza kusoma maisha ya ndege nzima. Bomu moja ni safari moja ya kivita. Msalaba wa Kinazi ni ndege ya adui ambayo wapiga bombomu, yaani bunduki za rashasha, walidai wameiangusha. Ndege za B-29 zilizovuka milima ya Himalaya zikibeba mafuta na mabomu kwenda China zilichora ngamia kwa kila safari, kwa kuwa marubani waliiita njia ile nundu. Waingereza waliotumwa kupiga miji ya Italia walichora koni ya aiskrimu badala ya bomu. Kazi ya kuongeza alama ilikuwa ya mafundi wa chini, asubuhi baada ya ndege kurudi. Ndege isiyorudi haikuongezewa kitu.

Waingereza wenyewe walikuwa na njia yao. Ndege zao zilitambulika kwa herufi, na herufi ikawa jina: S ya Sugar, G ya George. Kwa sehemu kubwa zilipiga usiku, zikiwa zimepakwa rangi nyeusi chini, na maafisa wao hawakupenda makeke. Hatari haikuwa ndogo: kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na kikosi cha mabomu cha Uingereza, 55,573 waliuawa. Ile ndege ya mabomu ya Lancaster iitwayo S ya Sugar, iliyotimiza safari 137 na sasa ipo katika jumba la makumbusho la Hendon, London, haina mwanamke wala joka. Kando ya safu za mabomu imeandikwa ahadi ya Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani, pamoja na jina lake. Sijui mchoro wowote wa vita ile uliosema mengi zaidi kwa maneno machache hivyo.

Ujasiri wa aina nyingine ulikuwa kwenye ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, Halifax LV907 ya kikosi cha 158. Watu wake waliiita Friday the 13th, Ijumaa tarehe 13, siku ambayo Wazungu wengi huiona ya nuksi. Ubavuni wakachora fuvu, fyekeo linalodondosha damu, na chuma cha kwato za farasi kilichopinduliwa, ambacho kwao ni dalili ya bahati kumwagika. Waliyakusanya yote waliyofundishwa kuyaogopa na kuyapandisha kwenye ndege yao. Ilikwenda safari 128 na kurudi zote. Vita vilipokwisha iliwekwa kwenye mtaa wa Oxford, London, watu waione, kisha ikauzwa kama chuma chakavu. Kipande cha ubavu wenye picha ndicho kilichookolewa.

Hadi hapa unaweza kuwapenda hawa vijana bila shida, na mimi nawapenda. Fundo gumu liko Pasifiki, kisiwani Tinian.

Tarehe 5 Agosti 1945, siku moja kabla ya kuruka, rubani Paul Tibbets aliagiza jina la mama yake liandikwe kwenye pua ya B-29 namba 82: Enola Gay. Herufi tupu, nyeusi, bila picha yoyote. Robert Lewis, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeirusha ndege hiyo na safari hii aliwekwa kuwa rubani msaidizi, alikasirika alipoliona. Tibbets alieleza baadaye kwamba mama yake ndiye aliyemtia moyo awe rubani wakati baba alipinga. Kwa mantiki yote niliyoeleza hapo juu jina hilo ni la kawaida kabisa: mtu anaingia hatarini akiwa amebeba jina la anayempenda. Asubuhi iliyofuata ndege hiyo ilidondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima, na kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Siku tatu baadaye ilikuwa zamu ya Nagasaki, na hapo tunaona mchoro usipokuwepo unaleta nini. Charles Sweeney, ambaye ndege yake ilikuwa The Great Artiste, alirusha ndege ya Frederick Bock, naye Bock akachukua ile ya Sweeney. Ndege ya Bock haikuwa imechorwa bado. Ilikuwa na namba 77 tu. Mwandishi wa New York Times, William Laurence, aliyekuwa angani siku ile, aliripoti kwamba The Great Artiste ndiyo iliyodondosha bomu. Ndege hiyo ya Bock, Bockscar, ilichorwa baadaye: behewa la mizigo lenye mabawa, likisafiri kutoka Salt Lake kwenda Nagasaki. Mchoro huo, tofauti na karibu yote niliyoyataja, ulichorwa na watu waliokwisha kujua kilichotokea chini. Ndiyo maana unanisumbua kuliko wanawake wote wa Vargas wakiwekwa pamoja. Behewa linachekesha, na mji uliotajwa kama kituo cha mwisho ulikuwa umeungua.

Vita vilipokwisha ndege zilipelekwa kwa maelfu kwenye viwanja vya kuyeyushia, kama Kingman huko Arizona na Walnut Ridge huko Arkansas. Joka la Bartigian liliishia Kingman. Walnut Ridge msimamizi wa kazi aliamuru pua zenye picha nzuri zikatwe kwa shoka kabla ya ndege kuingia tanuruni, na vipande zaidi ya 30 viko katika makumbusho ya ndege za kivita huko Texas. Wakanada walifanya vivyo hivyo kwa Halifax zao. Makumbusho ya vita ya Ottawa yana vipande vyao. G ya George iko Canberra nzima nzima. Memphis Belle, baada ya kukaa nje miaka mingi ikinyeshewa na kuchunwa vipuri, ilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa umma huko Dayton, Ohio, tarehe 17 Mei 2018. Bockscar iko jumba hilohilo.

Enola Gay haikupata makazi kwa amani. Makumbusho ya anga ya Smithsonian yalipoandaa maonyesho ya kutimiza miaka 50 ya bomu, yaliyokusudia kuweka sehemu ya mbele ya ndege pamoja na habari za waliouawa, vyama vya askari wastaafu na wabunge walipinga vikali. Januari 1995 mpango huo ulifutwa, na mkurugenzi, Martin Harwit, akajiuzulu Mei. Pua yenye jina la mama ilionyeshwa bila maelezo hayo. Ndege nzima ilipofunguliwa kwa umma huko Virginia Desemba 2003, manusura wa Hiroshima walisafiri kutoka Japani na kusimama mbele yake wakiwa na picha za waliokufa. Pamoja na wanahistoria waliowaunga mkono, waliomba kibao cha maelezo kitaje idadi ya waliouawa, badala ya urefu wa mabawa na nguvu za injini pekee. Makumbusho yalikataa. Mimi nipo upande wa walioomba. Pua ya ndege ni mahali ambapo vijana wale walijiandika wao wenyewe, na wana haki ya kusomwa kwa huruma. Waliokuwa chini hawakuwa na mahali pa kuandika chochote, na kibao kile kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa mstari mmoja zaidi.